Milango ya Jinja

Bati lilishuka likiwa limepinda pembeni, na Sihaba akalipokea kwa mikono miwili, uso ameugeuza kando ili vumbi la kutu lisimwingie machoni. Akaliegemeza ukutani pamoja na mengine, kisha akarudi kwenye jiwe lake kunyoosha misumari. Kila msumari aliulaza juu ya jiwe, akauzungusha mpaka mpindo wake ukae juu, akaugonga polepole. Kazi ile iliumiza vidole, lakini misumari ya bati ilikuwa haionekani madukani tangu vita vianze kule mbali, na msumari ulionyooshwa vizuri hukubali kupigwa mara ya pili.

"Umebaki upande wa jikoni na chumba cha mama," Yahaya, mumewe, alisema kutoka paani. "Nao nikiumaliza leo, kesho tunahama."

"Tunahamia wapi?" aliuliza Mwaija, mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage. Swali hilo alikuwa ameliuliza jana pia.

"Buzuruga, mama. Juu. Nimekwambia."

"Buzuruga kwa nani?"

Yahaya alichomeka ncha ya nyundo chini ya kichwa cha msumari mwingine akaukandamiza, na msumari ukatoka ukilia. Nyuma yake ziwa lilikuwa limetulia, maji yakigusa mawe ya ufukwe wa Pasiansi na kurudi, kama yalivyokuwa yakifanya siku zote Sihaba alipoishi pale.

"Maji yako palepale," Mwaija alisema, akitupa kijiwe alichokitoa kwenye maharage.

"Mama, maji ya namna hiyo hayapandi kama uji. Yakianza, yameanza. Mimi nimeuona ule ukuta."

Hapo Sihaba na mkwewe walirudi kwenye misumari na maharage, maana katika nyumba ile hakuna aliyeweza kushindana na ukuta wa bwawa la Jinja. Yahaya alikuwa mmoja wa vijana waliovuka ziwa kwenda kuujenga, na nyumba hii ya vyumba viwili, kiwanja chake mpaka kwenye mawe ya majini, na mabati aliyokuwa akiyang'oa, vyote vilitoka katika mshahara wa kule. Aliporudi alileta pia namna ya kusimulia ambayo hakuondoka nayo. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akifika Jinja sauti yake ilishuka, na watu walisogeza vigoda.

Alisimulia jinsi mto ulivyotoka ziwani ukinguruma tangu dunia iumbwe, hata mtu akilala mbali anasikia kitanda kinatetemeka. Alisimulia ile milango sita ya chuma, kila mmoja mkubwa kuliko msikiti wa mtaani kwao. Na siku walipoujaribu mlango mmoja, kijana wa Kizungu, ndevu hata hazijaota vizuri, alibonyeza kitufe kwa kidole kimoja. Mlango ukashuka. Mto ukanyamaza upande ule. Samaki walibaki juu ya mawe wakirukaruka, na wafanyakazi badala ya kukimbilia kuwaokota walisimama wameshika vichwa. "Kidole kimoja," Yahaya alikuwa akisema. "Hata nguvu hakutumia."

Na maji yale, alieleza injinia wa Kimisri aliyekaa palepale kuyapima, yalikuwa yanakwenda kwao. Miezi na miezi yanatembea, mpaka Misri. Mmisri anayekunywa maji Kairo anakunywa maji yaliyopita hapa Pasiansi.

Sasa Mwingereza alikuwa anapigana na Misri kwa sababu ya mfereji wa meli. Siku chache baada ya habari hiyo kufika, kiwanda cha pamba kule Nyakato kilizima mashine. Tajiri aliwaambia wafanyakazi kwamba mafuta ya mashine yamewekwa akiba kwa ajili ya serikali, na wanunuzi wa Ulaya hawajibu simu za upepo. Warudi makwao mpaka watakapoitwa. Mafuta ya taa yalipanda bei asubuhi, yakapanda tena jioni, kisha yakafichwa chini ya meza. Halafu abiria wa meli ya Kisumu wakashuka na jambo jipya: Jinja milango itafungwa yote, Misri ife kiu.

Waliolisikia wengi walicheka. Yahaya hakucheka. Alikwenda akasimama ufukweni mpaka adhana ya magharibi, akarudi akasema, "Wakiifunga ile, haya maji hayana pengine pa kwenda ila huku."

*

Kabla hajagusa bati hata moja, Yahaya alikuwa amekwenda bomani kuuliza. Alifanya hivyo kwa sababu aliona ni haki: mwenye kitufe ni serikali, na serikali ina ofisi. Sihaba alimsindikiza, akakaa kwenye ngazi za baraza, mahali ambapo dirisha lilikuwa wazi na aliweza kumwona mumewe amesimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Shida yako?" karani aliuliza. Alikuwa kijana, soksi zimevutwa mpaka magotini.

"Nimekuja kuuliza, bwana. Milango ya Jinja itafungwa?"

"Milango gani?"

"Ya lile bwawa. Wanasema maji yatafungwa yasiende Misri. Yakifungwa kule, huku yatapanda, na nyumba yangu iko ufukweni. Nataka kujua kama nihame."

Karani aliweka kalamu chini. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Kadi yako iko wapi?"

"Kadi ya nini, bwana?"

"Usijitie ujinga. Chama chenu cha siasa kimekatazwa huku kwetu, sasa mmebuni njia ya kuja kuuliza maswali."

"Mimi ni mtu wa kiwanda cha pamba. Nilikuwa. Kadi sina."

"Mtu wa kiwanda cha pamba, Misri imekuhusu nini? Una ndugu kule?"

Yahaya alifikiri, kwa maana yeye huwa anafikiri anapoulizwa. "Ndugu sina," alisema. "Ila maji yana safari ya kwenda kule."

Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mmoja akasema, "Huyu akapande nayo basi," nao wakacheka tena. Karani hakucheka. Alimtaka jina, na jina la baba, na mahali anapolala, kisha akamwambia asimame pembeni. Yahaya alisimama pembeni. Watu waliokuja baada yake walihudumiwa wakaondoka. Jua lilifika utosini, ndipo askari akaja akamgusa bega akamwambia nenda, na usirudi hapa na maneno ya vita.

Njiani Sihaba alisubiri aseme neno. Walipita soko, wakapita msikiti. Walipokaribia nyumbani ndipo alipofungua kinywa.

"Kama jibu lingekuwa hapana, wangesema hapana."

"Labda hawajui."

"Hapana haifichwi, Mama Baraka. Kinachofichwa ni ndiyo."

Siku hiyohiyo jioni alikwenda kwa Mbaruku, mfanyabiashara mwenye malori mawili, ambaye mwaka uliotangulia aliwahi kumwulizia kiwanja chake. Walipatana shilingi mia nne, nyumba na ardhi. Hiyo haikufika hata nusu ya thamani yake, na wote wawili walijua. Mbaruku alitoa arbuni ya shilingi mia, na wakakubaliana kumalizana Ijumaa baada ya sala. Mabati yaliingia kwenye bei. Yahaya angeyashusha mwenyewe, Mbaruku angeyachukua.

Ile mia ilikwishaanza kwenda. Kwanza deni la unga, kisha sehemu ya kodi ya chumba kule Buzuruga, kisha dawa ya kifua ya Mwaija.

*

Sasa ilikuwa Jumatano, na Yahaya hajashuka hata kunywa chai, ikasikika hodi.

"Karibu," Sihaba alisema, akashangaa, kwa maana mwenye hodi alikuwa Mbaruku, mtu ambaye hajulikani kutoka nyumbani kwake kabla jua halijapasha. Kanzu yake ilikuwa imelowa mgongoni. Nyuma yake alikuja Mayala, utingo wa lori lake, amebeba kamba begani na vijiti chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mbaruku. Mbona mapema? Kwako kumewaka moto?"

"Mama nawe una maneno. Yahaya, shuka ndugu yangu. Nimeleta fedha yote. Tumalize leo."

Yahaya alitazama chini kutoka paani. "Tulisema Ijumaa."

"Ijumaa na leo kuna tofauti gani? Si wewe uliyeniambia maji hayangoji?"

Yahaya akashuka. Sihaba aliendelea kugonga msumari ambao ulikuwa umekwisha kunyooka. Wiki nzima Mbaruku alikuwa akilisikia suala la maji kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake, kwa adabu, bila kuuliza kitu. Leo amelikimbilia. Alimtazama Mayala akipita ubavuni mwa nyumba na kamba yake kuelekea ufukweni. Halafu akatazama jikoni, na mkwewe naye alikuwa anatazama jikoni.

"Haiwezekani leo," Mwaija alisema. "Mafiga bado."

Watu wa upande wa kina Sihaba, na wa kina Mwaija vilevile, hawauzi nyumba ikiwa na mafiga ndani. Mume anaweza kuuza ukuta, mlango na paa. Mafiga matatu ni ya mwanamke, na ni yeye anayeyang'oa kwa mkono wake na kuondoka nayo. Mnunuzi anayepokea nyumba yenye mafiga ya mtu mwingine amenunua na njaa za mtu huyo. Mbaruku alilijua hilo sana, kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa mtu wa Ukerewe, kama wao.

"Basi shemeji ayang'oe. Ni kazi ya dakika moja."

"Kuna chungu juu," alisema Sihaba.

Hakikuwapo. Lakini alipokuwa akisema hivyo alikuwa tayari amesimama, amepokea ungo wa maharage kutoka mapajani mwa mkwewe, na kabla Mbaruku hajapata pa kukaa, chungu kilikuwa kimebandikwa, maji yamejaa na kuni zimewashwa.

"Kiipuliwe," Mbaruku alisema.

"Chungu ambacho hakijaiva hakiipuliwi ili mwenye nyumba ahame," Mwaija akajibu. "Hata mama yako, Mungu amrehemu, angekucheka. Keti."

"Yataiva saa ngapi?"

"Hayo ni maharage ya mwaka jana. Yana kiburi."

Mbaruku aliketi. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na asingeweza kugombana na bibi kizee juu ya maharage. Alitoa kitambaa akafuta shingo. Aliuliza habari za Baraka, binti yao aliyeolewa Geita, akajibiwa ni mzima. Alisifu mlango wa mbele. Kila baada ya muda alitazama barabarani, kama anayengoja mtu, au kama anayeomba mtu asije.

Maharage yalipoanza kutokota, Sihaba aliongeza maji ya baridi. Yalipoanza tena, akavuta ukuni mmoja nje. Yahaya, aliyekuwa ameketi mkabala na mlango wa jiko, alimwona. Macho yao yakakutana. Yeye ndiye aliyetaka kuuza, na neno moja tu lingetosha. Lakini aliinama akaanza kuokota misumari iliyotawanyika karibu na miguu yake, akaipanga mstari mmoja juu ya jiwe.

*

Maji ya kuongeza yalipopungua, Sihaba alichukua ndoo akaenda ufukweni. Mayala alikuwa amesimama majini mpaka magotini, kamba moja amefunga kwenye jabali, nyingine anaivuta kuelekea ukingoni, na vijiti vitatu amekwisha kuvisimika.

"Kaka Mayala, unapima nini?"

"Mahali pa kufungia mitumbwi, dada. Tajiri ameagiza miwili ya tanga huko Ukerewe. Ya kubebea pamba msimu ujao." Alicheka. "Malori yamekuwa mizigo. Petroli hakuna. Tanga je, linakunywa petroli?"

"Na maji yakipanda?"

"Maji gani?"

Aliuliza kwa moyo safi kabisa. Kisha akamtazama Sihaba, akatazama nyumba isiyo na paa upande mmoja, na kicheko kikamtoka usoni. Akachukua kijiti cha nne akaanza kukipigilia, ameinama zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Mimi napima tu, dada," alisema.

Sihaba alirudi na ndoo kichwani. Aliitua, akamimina kata moja katika chungu, akajifuta mikono kwa khanga. Alizungumza kwa sauti ileile ambayo angetumia kumkaribisha mgeni chai.

"Shemeji Mbaruku, mitumbwi yako utaifunga wapi, maji yakifika darini?"

Mbaruku aligeuka kumtazama. "Shemeji," alisema, "mimi sijamwambia mumeo kwamba maji yatapanda. Yeye ndiye aliyeniambia mimi."

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyeweza kuikataa. Uso wa Yahaya ulibadilika, lakini haukubadilika kwa hasira kama Sihaba alivyotegemea.

"Umesikia?" Yahaya alimwambia mkewe taratibu. "Tangu juzi hilo ndilo linaloninyima usingizi. Yeye hajauona ukuta ule. Mimi nimeuona. Ninayemdhulumu mwenzangu ni mimi, ninamwuzia maji."

Mbaruku akatazama mikono yake.

"Basi usimwuzie," alisema Mwaija.

"Na mia nimekwisha kuila, mama? Na kazi hakuna?"

Hapo ndipo yote yalipokuwa yamefika, na kila mmoja alijua. Chungu kilitokota. Sihaba hakuongeza maji safari hii, ingawa ndoo ilikuwa bado imejaa.

*

Dorotea, jirani yao, alikuwa anafua nguo kwa bwana wa bandari, katika nyumba za Wazungu kule rasini. Siku zote alirudi jioni, mikono imekunjamana kwa sabuni. Leo alitokea adhana ya adhuhuri hata haijasikika, anatembea katikati ya njia, kitambaa cha kichwani amekishika mkononi.

"Umefukuzwa?" Sihaba alimwuliza.

"Nimeambiwa niende tu. Memsahibu amesema leo hakuna kupiga pasi." Aliwaona wanaume, akasalimu, akamshika Mwaija miguu. "Shikamoo, mama. Nipeni maji, nina jambo sijui nilisemeje."

Walimpa maji. Akanywa yote.

"Bwana hakula yai lake," alisema.

Mwaija alisubiri. "Ndiyo hilo?"

"Mama, yule bwana hali yai lake siku gani? Tangu niko pale hajakosa. Leo amesikiliza redio yake asubuhi, akaizima, akatoka barazani na nguo za kulalia. Akakaa. Anatazama ziwa. Memsahibu akamwita, hakugeuka. Yai likapoa. Josephat mpishi, anakijua Kiingereza vizuri, akaja kule kwenye karai akaniambia kwa kuninong'oneza. Vita vya Misri vimesimama. Jana usiku."

"Wamemshinda Mmisri?"

"Hapana."

"Mmisri amewashinda?"

"Hapana, mama. Hilo ndilo sijui nilisemeje. Wameambiwa." Dorotea alitazama huku na huku, kama mtu aliyebeba chombo cha mwenyewe na anaogopa kukivunja. "Marekani amewaambia acheni. Amewabana kwa fedha. Na Waingereza wameacha."

Kuku alipita kati yao akidonoa misumari, akaiona si chakula, akaendelea. Sihaba alimtazama mumewe. Alimjua mtu huyu katika furaha na katika msiba, lakini uso ule aliouona sasa alikuwa akiuona tu pale anapomsikia akisimulia siku mto uliponyamaza.

"Ameambiwa," Yahaya alisema. "Naye akasikia."

"Josephat anasema hivyo."

"Yule mwenye kitufe."

"Mimi nilimwona Mjerumani," Mwaija alisema polepole. "Tulidhani ni kitu kisichoondoka. Siku moja tukaamka hayupo. Huyu wa sasa sikuwahi kusikia mtu anamwambia acha. Nilidhani huko kwake hakuna mtu wa kumwambia."

Halafu, kwa kuwa hekima na udadisi vilikaa pamoja ndani yake, aligeuza kichwa kwa mgeni.

"Mbaruku. Wewe una redio."

Mbaruku alikitazama chungu. "Nilisikia alfajiri," alisema.

"Ukaja."

"Nikaja, mama. Nilijua Yahaya akisikia hatauza." Alikunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua. "Msinitazame hivyo. Malori yangu yamekaa juu ya mawe kama kuku waatamiao, na kila mwezi benki inataka. Mnadhani vita vikisimama petroli inakuja kesho? Mfereji umezibwa, wamezamisha meli humo ndani. Redio inasema miezi. Kwao vimekwisha. Kwetu ndiyo vinaingia sasa."

Nalo lilikuwa kweli. Yahaya alitikisa kichwa kulikubali, na Sihaba aliona kwamba kiwanda cha Nyakato hakitawaita watu kesho wala kesho kutwa, vita viwepo au visiwepo.

Aliipua chungu. Maharage yalikuwa hayajaiva sawasawa. Hata hivyo aliyapakua, akamwita Mayala kutoka majini, kwani saa ya chakula ilikuwa imefika na waliokuwapo ni wageni. Walikula wote, wakitafuna kwa bidii.

"Shemeji," Mbaruku alisema baada ya muda, "haya maharage ni ya mwaka jana au ya wakati wa Mjerumani?"

Mwaija ndiye aliyeanza kucheka, akakohoa, akapewa maji.

Shauri la arbuni lilimalizwa palepale kwenye sinia. Yahaya alisema hana cha kurudisha. Mbaruku alisema hawezi kuisamehe, angependa lakini hawezi. Ilibaki mali iliyokuwa imeegemezwa ukutani.

"Yaliyoshuka yangu," Mbaruku alisema. "Yaliyobaki juu ni yenu. Na ile mia tusitajiane tena."

Mabati yale yalikuwa na thamani kubwa kuliko mia, na Sihaba alifungua kinywa, lakini Yahaya alikwisha kunyoosha mkono. "Na mitumbwi ikija," aliongeza Yahaya, "ifunge hapo Mayala alipopima. Ufukwe ni mpana. Utanipa kazi ya kupakia."

Mbaruku alimtazama kama mtu aliyetegemea kofi akapewa kiti. "Nitakupa," alisema.

Mayala aliyabeba mabati mawili mawili mpaka kwenye mkokoteni. Safari ya mwisho hakumtazama Sihaba usoni, ila alimwachia kamba yake, akasema itafaa kufungia.

*

Baada ya alasiri Yahaya alipanda tena. Paa lililobaki halikutosha nyumba nzima, kwa hiyo walikata shauri kuyahamisha mabati ya jikoni na ya chumba cha mama yafunike chumba kikubwa, wote watatu walale humo na kuku, na upande mwingine uezekwe kwa nyasi zikipatikana. Mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya visiwa, na mvua za kupandia hazikuwa mbali. Sihaba alimpa misumari kwa kuirusha mmoja mmoja. Aliidaka, na wakati mwingine ilimpita ikaanguka ndani ya nyumba, wakaisikia ikilia sakafuni.

Walifanya kazi mpaka kivuli cha nyumba kikafika njiani. Kisha nyundo ikanyamaza. Sihaba aliinua macho. Yahaya alikuwa ameketi juu ya boriti, amegeukia kaskazini, upande ambao meli za Kisumu na Jinja hutokea.

"Umechoka?"

"Hapana. Natazama."

"Kuna nini?"

"Maji. Yanakwenda tu. Yalikuwa yanakwenda wiki nzima hii, na mimi hapa nang'oa nyumba."

Sihaba naye aliyatazama. Yalikuwa yaleyale aliyochota, aliyofulia, ambayo Mayala alikuwa amesimama ndani yake asubuhi. Hayakuonekana kama yanakwenda popote. Alijaribu kuifikiri ile njia, misitu na majangwa na miji asiyoijua majina, mpaka kwa mwanamke mmoja wa kule aliyekuwa na ndoo kama yake, ambaye wiki hii alisikia mabomu. Ilimshinda, akaiacha, akaokota msumari mwingine.

"Nikimaliza paa nitarudi bomani," Yahaya alisema.

Mwaija, aliyekuwa mlangoni, alishika ukuta. "Ukafanye nini bomani? Wana jina lako."

"Nikaulize."

"Uulize nini tena? Milango haifungwi. Vita vimekwisha."

"Bado sijajua, mama. Nataka nisimame mbele ya ile meza niulize kitu, wasiponijibu niulize tena." Alisema hayo bila ukali wowote. "Nilikuwa nadhani hawaambiwi."

Sihaba aliangalia chini, akaona misumari iliyobaki kwenye kopo haifiki hata kiganja. Jua lilikuwa limekwisha kugusa ziwa, na mwanga haukutosha tena mtu kuona kichwa cha msumari bila kujigonga kidole. Mafuta ya taa hayakuwamo ndani ya nyumba.

"Shuka," alimwambia. "Umebaki upande mmoja."

"Na mvua ikija usiku?"

"Tutasogea upande wa pili. Shuka, Baba Baraka. Mengine kesho."

Yahaya aliipachika nyundo juu ya boriti, mahali ambapo ataikuta asubuhi, akatafuta ngazi kwa mguu.